Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: Mpira ule niliushona mimi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: KIWANJA CHA WATOTO KILICHOZUNGUSHIWA MABATI

Husika na kichwa cha habari hapo juu, kama ulivyohusika nacho Ijumaa ya tarehe 14 Februari 2025, siku uliyokuja mtaani kwetu kusikiliza kero, ukaketi chini ya turubali la buluu, ukanywa maji ya chupa tuliyochangishana kuyanunua, na msaidizi wako akaniandika kuwa kero namba 17. Natumaini u mzima wa afya. Sisi huku tunaendelea, ingawa mmoja wetu anaendelea akiwa amefungwa hogo mguuni, na yeye ndiye sababu ya barua hii.

Sikutaji jina, wala mtaa wetu siutaji, kwa kuwa wewe unajijua, sisi tunajijua, na watoto ninaowaandikia hawana haja ya kufuatwa na watu wenye kamera. Itoshe kusema kwamba ni Dar es Salaam, jiji ambalo Sensa ya 2022 iliwahesabu ndani yake watu zaidi ya milioni 5, na kwamba mtaa wetu ni miongoni mwa ile iliyopimwa viwanja kabla sisi hatujahamia, kwa hiyo lile jibu la kwamba tulivamia, ambalo najua huwa linawekwa tayari mezani, halitatufaa safari hii. Ramani ipo. Ilikuwa imebandikwa ukutani katika ofisi ya serikali ya mtaa, na hapo palipo na mabati leo pameandikwa kwa herufi kubwa: ENEO LA WAZI.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekaa kwenye baraza moja tangu 2006, na cherehani yangu ya kukanyaga kwa miguu imeelekea kiwanjani, hivyo kwa miaka kumi na sita kila nilipoinua macho kutoka kwenye sindano niliona watoto, na tangu Novemba 2022 kila ninapoinua macho naona mabati. Nalieleza hili mapema ili usije ukadhani kwamba naandika mambo ya kusimuliwa.

Jumanne ya wiki iliyopita, yapata saa kumi na moja kasoro robo jioni, mjukuu wangu mwenye umri wa miaka minane aligongwa na bodaboda kwenye kijia kilicho mbele ya baraza langu, hatua kumi na mbili kutoka nilipokuwa nimeketi, nilizihesabu baadaye. Alikuwa akiufuata mpira. Mpira wenyewe, Mheshimiwa, niliushona mimi. Zamani watoto walisokota mipira yao kwa mifuko ya plastiki, ila tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, marufuku ambayo siilalamikii kwa sababu hata mitaro yetu ilipumua, wao huja kwangu kuomba mabaki ya vitambaa. Mwaka huu msimu wa Idi uliniachia gunia zima la vipande vya kanzu na magauni. Nikavisokota, nikavikaza kwa kamba ya katani, kisha nikavivisha satini ya kijani iliyosalia kwenye gauni la mteja mmoja. Haukuwa mpira wa kudunda, lakini ulikuwa ukibiringika vizuri sana, na kwenye kijia chenye mteremko, chenye bodaboda zinazopanda na bajaji zinazoshuka, ni afadhali mara mia mtoto apewe mpira mbovu.

Aliyemgonga sitamlaumu sana, na wewe nakuomba usiniletee askari wa kumkamata ili kero namba 17 ionekane imeshughulikiwa. Kijana yule ni wa mtaa huu huu. Mwaka 2012 alikuwa winga wa kushoto katika timu ya watoto wa kiwanja hicho hicho, na fulana yake yenye namba 11 niliikata na kuishona mimi kwa nguo ya mtumba. Alishuka kwenye pikipiki akiwa analia, akambeba mtoto mwenyewe hadi kwenye bajaji, na mafuta ya siku ile yote yakaishia kwenye safari za hospitali. Utaona, Mheshimiwa, kwamba wote wawili ni watoto wa kiwanja kimoja: mmoja alikipata, mwingine hakukikuta.

Mfupa wa ugoko umevunjika mahali pawili. Nimelala usiku mbili kwenye benchi la hospitali ambayo nayo siitaji, kichwa changu kikiwa kwenye mfuko wa nguo za wateja ambazo nilikuwa nimeahidi kuzimaliza Jumatano. Wateja watatu wamezichukua nguo zao bila kushonwa, na sikuwa na uso wa kuwazuia. Mama yake mtoto anauza chapati asubuhi, na kwa wiki nzima hakuuza. Picha ya mionzi tulilipia, hogo tulilipia, dawa za maumivu tuliandikiwa tukanunue nje. Sikuandikii ili unirudishie fedha hizo. Naandika ili ujue kwamba kiwanja kisichokuwepo kina gharama, na gharama hiyo haikulipwa na yule aliyeleta mabati.

Sasa niruhusu nikueleze hicho tunachokiita kiwanja, kwa kuwa nahisi ulikiona kwa dakika chache tu kutoka upande wa turubali, na ulipokiona kilikuwa tayari kimeshakuwa ukuta. Hakikuwa uwanja wa maana machoni pa mtu mkubwa. Kilikuwa mchanga, nyasi kidogo upande wa bondeni, magoli mawili ya miti ya mikoko, na mkungu mmoja mkubwa uliopandwa na nani sijui. Lakini ukikaa mbele yake kwa miaka unagundua kwamba kilikuwa na ratiba kuliko ofisi nyingi za umma. Wanaosoma zamu ya mchana walikitumia asubuhi. Saa nane, jua likiwa kali, walibaki wadogo chini ya mkungu, wakiponda kungu kwa mawe ili wale kokwa zake, na wasichana wa miaka mitano sita wakijipikilisha kwa vifuu na makopo, wali wa mchanga na mchicha wa majani ya mkungu, ukipita lazima uonjeshwe na lazima useme chumvi imezidi. Saa kumi walirudi wakubwa: wavulana chandimu katikati, wasichana rede upande wa ukuta wa msikiti, na gololi pembeni kwa wasiotakiwa na timu yoyote. Giza lilipoanza kuingia ilikuwa zamu ya kombolela, ambayo haikuwa na umri wala jinsia, mpaka azana ya magharibi iliposomwa na kila mama akaanza kuita jina lake.

Hakuna aliyeipanga ratiba hiyo. Hapakuwa na kamati, wala posho ya vikao. Waliipanga wenyewe watoto, kwa kugombana na kupatana, na kama kuna mahali ambapo mtoto wa mpangaji wa chumba kimoja alijifunza kungoja zamu, kudai haki yake na kukubali kufungwa, palikuwa ni hapo. Mimi nilikulia Kilwa Kivinje, pwani kabisa, ambako mtoto alijua bamvua na maji mafu kabla hajajua herufi, kwa sababu bahari ndiyo iliyompangia siku yake: leo maji yamekupwa mapema, leo tutaokota chaza, leo tutaogelea jioni. Hatukufundishwa na mtu, tulifundishwa na mahali tulipokuwa. Najiuliza kijia cha mtaa wetu kinawafundisha nini watoto hawa. Nimewatazama. Kinawafundisha kusimama ukutani. Honi ikilia wanabana migongo yao kwenye tofali, wote kwa pamoja, bila hata kugeuka kutazama ni nini kinachokuja, na mchezo unakatika, na unaanza tena, na unakatika. Siku moja nilihesabu mara ishirini na mbili ndani ya saa moja. Mtoto wa miaka minne siku hizi akisikia honi akiwa ndani kwao, kitandani, anajibanza ukutani.

Kuna jambo jingine ambalo pengine ni fundi tu anayeweza kulijua. Kila Januari nashona na kurekebisha sare za shule, shati jeupe, kaptula na sketi za buluu, na nina daftari la vipimo tangu 2006. Katikati ya mwaka sare hizo hurudi kwangu kutiwa viraka. Zamani kaptula zilirudi zikiwa na mifuko iliyotoboka kwa gololi na zipu zilizoharibika, na sketi za wasichana zikiwa zimefumuka mshono wa ubavuni kwa kukwepa mpira wa rede. Sasa zinarudi zimechakaa kwenye makalio. Zimekaliwa mpaka zinang'aa. Na viuno, Mheshimiwa, ninavipima kwa mkono wangu: wapo watoto wa darasa la nne ambao sasa nawakatia kipimo nilichokuwa nikiwakatia wa darasa la saba. Sidai kwamba daftari langu ni utafiti, na huenda soda na chipsi zina mchango wake. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji walau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, nami naomba unionyeshe ni wapi katika mtaa wetu mtoto anaweza kukimbia hata dakika sita mfululizo bila kukutana na tairi.

Utaniuliza, basi watoto wameenda wapi. Wengine wamefungiwa ndani. Nyumba zetu ni za kupanga, chumba na sebule kwa mwenye uwezo, chumba kimoja kwa wengi, na kuanzia Desemba hadi Machi bati linapochemka hakuna mtu mzima anayekaa ndani saa tisa mchana kwa hiari yake. Ua ni wa kuchangia, na mama mwenye nyumba hataki makelele. Wasichana ndio waliopotea kwanza. Wavulana angalau kijia wanakigombania, lakini rede haiwezi kuchezwa mahali ambapo pikipiki inapita katikati ya warushaji, kwa hiyo binti wa miaka kumi akishatoka shule anashika ndoo, halafu ufagio, halafu mtoto wa mtu, na hapo ndipo utoto wake unapoishia. Wengine wameenda bondeni kwenye mto, ambao maji yake siwezi kuyaeleza kwenye barua yenye heshima. Na waliobaki wapo kwenye vibanda umiza, gizani, wakitazama sinema za kuuana saa sita za mchana, au wamezunguka zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu wanazoziita dubwi. Nimemshuhudia mtoto wa miaka tisa akitumbukiza shilingi mia mbili aliyopewa akanunue chumvi. Ilipoliwa hakulia. Alikaa tu pale kuitazama mashine, kama mtu mzima aliyekatwa mshahara.

Kijana mmoja mteja wangu, anayesomea sheria, alinisomea vifungu viwili nilipokuwa nampima suruali, nami nikamwomba anichapishie. Cha kwanza kimo katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao nchi yetu iliuridhia 1991. Ibara ya 31 inasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Cha pili kimo katika Sheria ya Mtoto ya 2009, yetu wenyewe, iliyotungwa na Bunge letu, ambayo katika kifungu cha 8 inampa mzazi na mlezi wajibu wa kumtunza mtoto, na ndani ya matunzo hayo, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, imeweka haki ya kucheza na kuburudika. Nilikisoma mara tatu. Maana yake ni kwamba sheria inanidai mimi. Chakula nahangaika napata, mavazi ndiyo kazi yangu, matibabu umeshaona nilivyoyalipia. Hiyo nafasi ya kucheza nimpe ya wapi, Mheshimiwa? Nimlaze cherehani ubavu, watoto arobaini wacheze chandimu barazani?

Wapo wanaonishauri kwamba watoto wapelekwe Coco Beach, au Mnazi Mmoja, au kwenye viwanja vya Kidongo Chekundu. Ni mahali pazuri, nami nimewahi kuwapeleka wakati wa sikukuu. Lakini mtu anayetoa ushauri huo hajawahi kuwa mtoto mwenye sare kwenye kituo cha daladala, akisukumwa na konda kwa sababu nauli yake ni ya mwanafunzi. Na mchezo wa mtoto si hija ya mara moja kwa mwaka. Ni kitu cha kila jioni, kilicho karibu kiasi kwamba mama akiita, sauti inafika.

Nirudi kwenye mabati. Yalisimamishwa usiku wa kuamkia Jumapili, na tulipoamka tulikuta yamekamilika pande zote nne, yamepigiliwa kwa ustadi ambao natamani ungetumika kwenye madaraja yetu. Nimekwenda ofisi nne. Ya kwanza ilisema ni suala la ya pili, ya pili ikasema faili liko ya tatu, ya tatu ikasema afisa husika yuko semina, na ya nne, nakushukuru Mungu wangu, ilinirudisha ya kwanza. Ni nani aliyekichukua sijui. Wako wanaosema ni fremu za maduka zinakuja, wako wanaosema ni yadi ya magari, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi anasema ni kituo cha mafuta, lakini huyo husema hivyo kila kitu kinapozungushiwa mabati. Mimi nahisi, na nakiri kwamba ni kuhisi tu, kwamba hakuna hata mmoja anayejua, na kwamba mtu fulani aliweka mabati kwanza ili tuchoke, halafu karatasi zifuate. Ile ramani iliyokuwa ukutani nayo imeondolewa. Nilipouliza, niliambiwa ukuta ulikuwa unapakwa rangi. Ukuta huo, Mheshimiwa, haujapakwa rangi mpaka leo.

Hata mvua imebadilika tabia. Upande wa juu wa kiwanja walimwaga kifusi, na sasa masika yameanza, maji yaliyokuwa yakinywewa na mchanga yanakuja moja kwa moja kwenye kijia, yanaingia vyumba vya chini, na kijia kinapokuwa tope bodaboda hukwepa madimbwi kwa kupanda kwenye vibaraza vyetu, yaani pale pale watoto wanapojibanza. Mimi si mhandisi, huenda nakosea kuhusu kifusi. Lakini baraza langu halikuwahi kuingia maji kabla ya 2022, na mwaka huu nimeinyanyua cherehani mara tatu na kuipandisha juu ya tofali. Nina miaka sitini na mbili na mgongo huu ni mmoja. Jua likiwaka nalo, mabati yanarudisha mwanga wote usoni kwangu; kutunga uzi siku hizi namwomba mjukuu anitungie, na mjukuu mwenyewe ndiye huyo aliyelala.

Na ndani ya mabati kuna nini? Nimechungulia. Kuna mlinzi, mtu wa heshima zake, ambaye simchongei. Kuna kibanda chake. Kuna mkungu wetu, bado umesimama, kungu zinadondoka na kuozea chini. Na kuna matuta ya mchicha. Baada ya miaka mitatu na ushee, maendeleo yote yaliyoletwa na uwekezaji ule ni mchicha, ambao mlinzi anauza fungu shilingi mia tano, nami nimeununua na ni mchicha mtamu. Kila siku saa kumi jioni anafungua lango la mabati ili akina mama waingie kununua. Saa kumi na mbili analifunga.

Wewe mwenyewe ulisimama mbele ya lango hilo. Ulisema, na waliorekodi kwa simu wanayo sauti yako: "Ndani ya siku kumi na nne haya mabati yatakuwa chini." Tulipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele, kitu ambacho mwanamume wa umri wangu hapaswi kukifanya hadharani. Jioni ile watoto walikaa mbele ya lango wakisubiri, kwa kuwa wao walielewa kwamba mkubwa akisema jambo, linaanza leo. Siku hizo kumi na nne nilianza kuzihesabu kwenye daftari langu la vipimo, ukurasa wa mwisho, mstari mmoja kila siku kama wafungwa wanavyofanya kwenye michezo ya kuigiza, na hadi leo ninapoandika zimefika 412. Inawezekana kuna hesabu ya kiserikali ambayo fundi haijui.

Najua una mambo mengi. Najua pia kwamba mwaka 2027 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, imepewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na kwamba kuna viwanja vikubwa vya kusimamia. Nafurahi kama Mtanzania yeyote. Lakini Mbwana Samatta, aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020, hakuanzia kwenye uwanja wenye viti vya plastiki. Alianzia Mbagala, kwenye mchanga. Mchanga kama ule ambao sasa umeoteshwa mchicha.

Kero namba 17 ilikuwa na madai matano, niliyoyaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: mabati yaondolewe, kiwanja kirudishwe kwenye ramani na kupewa hati ya umma, aliyekichukua atajwe, kifusi kizolewe, na kijia kiwekewe matuta ya kupunguza mwendo. La mwisho niliongeza kwa kuwa nilisikia redioni kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na nikaogopa. Madai yote hayo bado nayadai, na ninayarudia hapa. Ila nimekuwa mtu mzima wa kutosha kujua kwamba madai matano ni mengi kwa faili moja.

Kwa hiyo naomba moja. Sisemi mabati yatolewe kesho. Sisemi mtajwe mtu. Abaki mlinzi, abaki na mchicha wake, na watoto nitawaambia mimi mwenyewe wasikanyage matuta. Wananisikiliza, mipira yao inatoka kwangu. Lango lile linafunguliwa kila siku saa kumi na kufungwa saa kumi na mbili. Naomba tu kwamba linapofunguliwa kwa ajili ya mchicha, watoto nao waruhusiwe kuingia. Ni muda wa saa mbili tu. Hakuna bajeti, hakuna mchakato, hakuna semina. Ni simu moja kutoka kwako kwenda kwa yeyote yule anayemlipa mlinzi, ambaye bila shaka ofisi yako inaweza kumpata kwa urahisi kuliko mimi.

Daktari amesema hogo la mjukuu wangu litakatwa baada ya wiki sita. Moja imeshapita. Ameshaniuliza ule mpira wa kijani uko wapi, nikamwambia nimeuweka. Naomba, Mheshimiwa, lango liwe limefunguliwa kabla hajaanza kutembea.

Ndimi,
Fundi cherehani, barazani, mkabala na mabati